Maharage ya Arusha yana ukaidi gani?

Shemeji yangu anayekaa Sakina, Arusha, alinipigia simu akiwa amekasirika kweli. Maharage niliyomnunulia Mbuyuni, hapa Moshi, yalikuwa yamemaliza kisado kizima cha mkaa na bado yanatafunika kama kokoto. "Shem, haya umeniletea ya mwaka gani?"

Maharage yalikuwa mapya. Nilikuwa nimeyapika mimi mwenyewe kutoka kwenye gunia hilohilo, yakaiva vizuri tu. Tofauti ni mwinuko. Moshi mjini tuko kama mita 850 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Arusha, karibu mita 1,400, yanachemka kwenye 95. Nyuzi mbili ni kidogo, ila punje ya maharage inazihisi. Sasa mpishi akiona hayaivi, anafanya nini? Anaongeza mkaa. Lakini maji yakishatokota hayapati joto zaidi hata uchochee vipi. Unachozidisha ni mvuke, na kila kilo ya mkaa wa tanuru la udongo imekula kilo 6 hadi 10 za kuni huko porini.

Kazi yangu ni nishati ya kupikia, kwa hiyo watu hutegemea nianze na jiko jipya. Mimi naanza na kuloweka. Usiku kucha, maji yale umwage asubuhi. Nyanya na ndimu zisubiri maharage yalainike, maana uchachu huyachelewesha. Magadi yanalainisha, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, kwa hiyo nyumbani kwangu hayaingii.

Halafu kapu la kutunza joto, chakula kiendelee kuiva bila moto. Chukua kapu kubwa, lijaze majani makavu ya mgomba uyashindilie, uache shimo la sufuria katikati. Pembeni na chini pawe na unene wa kiganja kizima. Mto wa juu ushone kwa mabaki ya vitambaa. Fundi cherehani yeyote atakupa mfuko mzima bure na kukushukuru. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, mfuniko umefungwa. Epua, futa masizi, tumbukiza kapuni yakiwa bado yanatokota, funika, nenda shambani. Ukirudi baada ya saa nne au tano yanabonyea kwa vidole.

Ile nusu saa usiipunje, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Joto la uvuguvugu haliiondoi, na mtu anaweza kutapika vibaya. Kabla ya kula, rudisha sufuria motoni ichemke tena kidogo.

Kapu langu la kwanza liliniaibisha. Niliweka makande nusu sufuria, na chakula kidogo hupoa haraka kuliko sufuria iliyojaa. Isitoshe, nilifunua mara mbili kuchungulia. Jioni yalikuwa na povu na harufu ya pombe. Mama mkwe alichungulia, hakusema neno, akayabeba hadi kwa nguruwe.

Mwenye umeme ana njia fupi zaidi: sufuria ya presha ya umeme. Ndani yake joto hupanda kupita nyuzi 110, mwinuko wa Arusha hauna nafasi tena, na maharage yaliyolowekwa hayamalizi hata uniti moja ya LUKU. Bei yake ndiyo inayotisha. Ndiyo maana kwenye vikundi vya vicoba nashauri wanunue kwa zamu, kama wanavyofanya kwa vyombo vya sherehe, badala ya kila mmoja kungoja peke yake. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sawa, lakini leo jioni kuna chakula cha kupikwa, na majani makavu yako nyuma ya nyumba.

Shemeji nilimpelekea kapu kwa basi, limefungwa kamba, konda akaniuliza kama ni la kuku. Sasa kisado kimoja kinampikia maharage mara tatu. Lililobaki, anasema, ni paka: kila akiweka sufuria ndani, paka anapanda juu ya mto na hataki kushuka.