Je, wajua? Waipa za gari Malindi humalizwa na jua, si mvua

Masika yakianza kupiga Malindi, Aprili au Mei, ndipo dereva anapogundua kwamba waipa zake zinachora mistari kwenye kioo badala ya kufuta. Lawama yote huiangukia mvua: imenyesha sana, raba imekwisha. Imani hiyo ina mantiki yake, kwa sababu vitu vingi hulika vinapofanya kazi. Raba ya waipa ni kinyume. Kwenye kioo kilicholowa huteleza juu ya utando mwembamba wa maji, na maji hayo ndiyo yanayoipunguzia msuguano. Miezi inayoimaliza ni ile ambayo hakuna anayeikumbuka waipa kabisa: Desemba hadi Machi, kaskazi inavuma, gari limeegeshwa juani tangu asubuhi, raba imelala juu ya kioo cha moto haina kazi.

Kifaa chenyewe hakikuwazwa kwa ajili yetu. Mary Anderson, Mmarekani wa Alabama, alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1903, na shida aliyokuwa akiitatua ni theluji na barafu kwenye vioo vya tramu. Jua la digrii 3 kusini mwa ikweta halikuwamo katika hesabu.

Itazame raba kwa karibu. Ukingo wake umekatwa kwa pembe mraba, na umeshikwa na shingo nyembamba inayouruhusu kulala upande huu au ule. Fikiria ufagio wa chelewa. Ukifagia kuelekea kulia, ncha za chelewa hulala nyuma, kushoto, zikiufuata mkono. Ukigeuza mkono, nazo hugeuka. Sasa chukua ufagio uliosimamishwa pembeni kwa ncha zake muda mrefu, ukakauka umepinda. Upande mmoja bado utafagia safi. Upande wa pili chelewa zitakataa kugeuka, zitarukaruka na kuacha michirizi ya mchanga. Raba iliyokaa juu ya kioo cha moto miezi mitatu imelala upande mmoja nayo hukomaa hivyo hivyo. Ndiyo maana waipa iliyochoka hufuta vizuri ikipanda, kisha ikirudi hutetemeka na kulia kwa kelele.

Jua halifanyi kazi peke yake. Raba asilia ina minyororo mirefu ya kaboni yenye viungo maradufu, yaani pale atomu zinaposhikana mara mbili, na ozoni, gesi iliyomo hewani, huvishambulia viungo hivyo na kuikata minyororo. Ajabu ni kwamba nyufa hujitokeza pale raba ilipovutwa au kukunjwa. Iliyotulia bila kuvutwa husalimika zaidi. Na waipa iliyoegeshwa imekunjwa wapi? Shingoni, palepale inapohitaji kugeukia.

Kisha kuna chumvi, ambayo pwani husingiziwa makosa yasiyo yake. Watu husema chumvi ya bahari ndiyo inayokwaruza kioo. Haiwezi: katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambapo namba kubwa ndiyo ngumu zaidi, chumvi ni kama 2.5, kioo ni kama 5.5, na tone la maji tu huiyeyusha. Mkwaruzaji ni mchanga wa kwatzi, wenye ugumu wa 7, hasa dereva anapowasha waipa juu ya kioo kikavu ili afute vumbi la njiani. Dhambi halisi ya chumvi ni kutu. Waipa ya kawaida ya fremu ina viungo vidogo vya chuma vinavyogawa mkandamizo sawa toka mwanzo hadi mwisho wa raba. Vikishika kutu vikakwama, kunabaki kipande cha kioo kisichofutwa, mara nyingi mbele ya macho ya dereva, na raba mpya haitatibu hilo.

Kwa hiyo anayeegesha karibu na ufuo anafaidika na waipa bapa isiyo na fremu, kwa kuwa haina viungo vya kukwama. Lakini tahadhari: hiyo hupindwa kiwandani kwa mpindo maalumu, na usipolingana na kioo cha gari lako, ncha zake zitaelea bila kugusa. Raba ya silikoni huvumilia jua na ozoni kuliko raba asilia, ila bei yake ni kubwa na mchanga huichana, basi gari linaloshinda kwenye barabara za vumbi huenda lisione faida yake. Zile waipa nene zilizovikwa ngozi ya raba, ambazo gari la mtumba kutoka Japani huweza kuja nazo, ni za theluji. Ngozi ile huzuia barafu isigande kwenye viungo. Kinadharia ingekinga chumvi pia, lakini yenyewe ni raba, na jua halina upendeleo.

Kuinua waipa gari likiwa limeegeshwa husaidia raba isipinde. Wanaosema huchosha springi ya mkono wa chuma unaoishika waipa wana ushahidi hafifu. Hatari iliyo wazi zaidi ni mtu kuung'oa ubapa wa raba na kuuacha mkono mtupu umesimama, kwani ukijiangusha kwa kishindo hupasua kioo. Kupaka mafuta ya taa raba ing'ae, hapana: mafuta hayo, ya jamii ya petroli, huivimbisha raba asilia na kuilegeza. Kitambaa chenye maji na sabuni chatosha, raba na kioo pamoja.

Na ukifunga waipa mpya kwenye kioo safi, bado ikatetemeka ikirudi upande uleule, usirudi dukani kugombana na muuzaji. Huenda ni mkono wa chuma uliopinda, unaoibana raba isigeuke. Fundi huunyoosha kidogo kwa spana, hadi ubapa usimame wima juu ya kioo.