Nani anamlipa mmisionari, na maswali mengine ya baada ya ibada

Swali la kwanza ninaloulizwa nikitoka ibadani wala si la kiroho. Ni hili: "Mama, yule dada mzungu analipwa na nani?" La pili hufuata kabla sijajibu: "Na huko kwao ana nyumba ngapi?" Kazi yangu ni kupokea wamisionari wanaokuja kufanya kazi katika hospitali, shule na vituo vya kanisa letu hapa Dar es Salaam. Wengi wao ni wanawake: wauguzi, walimu, wakunga, wahasibu, mafundi wa viungo bandia. Kwa miaka mingi nimehangaika na makaratasi yao, homa zao na ugomvi wao na wenye nyumba, kwa hiyo leo nijibu kwa kirefu.

Nianze na pesa, maana ndizo mnazotaka.

Sista wa Kikatoliki hana mshahara wake mwenyewe. Ameweka nadhiri ya ufukara. Anachopata kinaingia shirikani, na shirika ndilo linalomlisha, linalomtibu na kumkatia tiketi. Akihitaji viatu anaomba. Kwa Waprotestanti ziko namna mbili. Wengine wanapewa na chama cha misioni cha kanisa lao posho ya kuishi, ambayo si mshahara wa soko. Wengine, hasa wa makanisa ya kiinjili ya Marekani, wanatafuta wafadhili wenyewe kabla ya kusafiri: mtu anazunguka sharika za kwao, anaeleza anakokwenda, na watu wanaahidi kutoa kila mwezi. Ahadi zisipofika kiwango kilichowekwa, hapandi ndege. Zikipungua akiwa huku, anaitwa kurudi. Nimemwona mwalimu hodari akifunga mizigo katikati ya muhula kwa sababu usharika wa kwao ulivunjika na nusu ya wafadhili wakaondoka na mgogoro wao. Watoto wa Mbagala wakakosa mwalimu wa hesabu kwa ugomvi wa watu wasiojua Mbagala iko upande gani wa dunia.

Tangu zamani sehemu kubwa ya fedha hizi imetoka mikononi mwa wanawake. Charlotte Moon, Mmarekani anayejulikana zaidi kwa jina la Lottie, alikwenda China mwaka 1873 na kufanya kazi huko karibu miaka 40. Barua zake ndizo zilizowasukuma wanawake wa Kibaptisti wa kusini mwa Marekani kukusanya sadaka ya Krismasi mwaka 1888 ili apelekewe wasaidizi. Alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 1912, melini, katika bandari ya Kobe huko Japani, akiwa anarudishwa kwao. Sadaka ile inakusanywa mpaka leo kwa jina lake. Mama zangu wa umoja wa wanawake, ambao wameuza maandazi na vitenge hadi paa la kanisa likapatikana, hawahitaji kuelezwa jambo hilo liliwezekanaje.

Kisha tazameni fedha hizi zinakoishia. Mwenye nyumba wa Dar anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, na akisikia lafudhi anaongeza. Kuna bima ya afya, nauli ya likizo, LUKU, ada za vibali. Ukitoa hayo yote, kinachobaki mkononi mara nyingi ni kiasi ambacho mhasibu wa kampuni pale Posta angekikataa. Hata hivyo nisiwadanganye. Anayo pasipoti inayomfungulia milango, anayo bima itakayomrusha hadi Nairobi akizidiwa, na muuguzi mwenzake wa hapa, anayelala zamu ileile, hana. Pengo hilo lipo, wauguzi wetu wanaliona kila siku, na mmisionari anayejifanya halioni huchukiwa haraka kuliko anayekiri kwamba lipo.

Vibali nitavipitia upesi. Mmisionari anakaa nchini kwa kibali cha ukaazi cha Daraja C, ambacho pia hupewa wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea, na kazi yake inatazamwa chini ya sheria ya ajira kwa wageni ya mwaka 2015. Muuguzi lazima atambuliwe pia na Baraza la Uuguzi na Ukunga, hata kama kwao amezalisha wanawake miaka ishirini. Kibali kinataja kazi na mahali. Hawezi kuwa hospitalini asubuhi na jioni akafundishe shule ya jirani kwa kuwa tu mwalimu mkuu kamwomba vizuri. Wachungaji wangu, nawasihi, acheni kuazimana hawa kinadada.

Linaloniudhi zaidi katika makaratasi haya ni habari ya wake. Familia ikija, mara nyingi mume ndiye mwenye kibali cha kazi na mke anaingia kama mtegemezi. Kisheria hana kazi. Lakini kule alikotoka wamemwombea na kumwekea mikono pamoja na mumewe, na huku sisi tunamtarajia afundishe shule ya Jumapili, apokee wageni, asikilize mabinti wenye shida na apike kwa ajili ya kamati. Akichoka, hakuna mahali pa kuandika kwamba amechoka, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba anafanya kazi. Wala hili si la juzi. Johann Jakob Greiner, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Dar es Salaam mwaka 1887, alikuja na mkewe. Ni Walutheri wangapi wa mji huu wanaoweza kumtaja huyo mama kwa jina?

Mgeni mpya nampeleka Pugu mapema, kabla hajapelekwa ufukweni na wenzake. Watu wengi wanaijua Pugu kwa sababu Mwalimu Nyerere alifundisha pale, au kwa sababu ya hija. Mimi nampeleka kwa sababu ya mwaka 1889. Wabenediktini wa St. Ottilien, watawa wa Kikatoliki kutoka Bavaria, Ujerumani, walifika pwani hii mwaka 1888, masista wakiwemo, wakajenga Pugu. Mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaanza kutwaa forodha na utawala wa miji ya pwani, na watu wa pwani wakainuka. Jina la Abushiri bin Salim ndilo linalokumbukwa zaidi. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilishambuliwa. Sista Martha Wansing aliuawa pamoja na mabruda wawili, na wengine wakachukuliwa mateka. Vita ya Maji Maji ilipowaka mwaka 1905, Askofu Cassian Spiss wa Dar es Salaam aliuawa tarehe 14 Agosti akiwa safarini kuelekea Peramiho, na pamoja naye mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert.

Wageni wengine hulia wakisikia hayo. Nawaacha walie kidogo, halafu nawaambia sehemu ya pili, ambayo kwao haisimuliwi sana: waliowaua hawakuwa wanapigana na rozari. Walikuwa wanapigana na utawala uliokuja kuwanyang'anya nchi, na misheni ilionekana kuwa nyumba moja na utawala huo, mara nyingine kwa haki kabisa. Mwanamke anayekuja hapa leo na Biblia mkononi anatembea juu ya habari hiyo, apende asipende. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta huenda ni Mwislamu, na huenda huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kumletea sahani ya pilau siku ya Idi. Namfundisha jambo moja tu kuhusu sahani hiyo: isirudi tupu.

Sasa nifike ninapotaka. Nikiulizwa kwa nini huyu alidumu na yule akaondoka mapema, sitaji malaria wala foleni. Naangalia kama alipata wanawake wa kumshika. Dar inaonekana mji wa kila mtu na lwake, lakini hakuna anayeishi hapa bila watu wake: shangazi wa Tandika, binamu wa Kimara, mama mdogo anayekuja na mkungu wa ndizi bila kupiga simu. Mwanamke wa miaka thelathini na tano asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na hata ndugu wa kumsindikiza hospitali, anashangaza mtaa. Sista anaokolewa na shela lake. Watu wanaliona na hawaulizi. Yule wa Kilutheri au Kibaptisti anayevaa gauni la kawaida anaulizwa kituoni, anaulizwa sokoni, anaulizwa na dereva wa bajaji: "Dada, shemeji yuko wapi?" Namshauri asitoe hotuba juu ya wito wake. Ajibu kwa kucheka, aseme Mungu hajaleta, aombewe, mambo yaishe.

Mkunga mmoja kutoka Ulaya ya kaskazini alipangiwa upande wa Temeke. Miezi ya mwanzo alikuwa anahudhuria misiba kama mgeni rasmi: anawekewa kiti cha plastiki karibu na mchungaji, anapewa soda, anatoa rambirambi kwenye bahasha, anaondoka. Alidhani anafanya vizuri. Bibi mmoja wa umoja wa wanawake, mwenye mdomo wake, akanifuata ofisini: "Mwambie mwanao ashuke kwenye kiti." Msiba uliofuata alipewa kisu na beseni la vitunguu swaumu, akakaa mkekani nyuma ya nyumba na wenzake, karibu na masufuria. Huko ndiko alikosikia nani kajifungulia nyumbani na kwa nini, nani anaogopa kliniki kwa sababu ya muuguzi fulani anayetukana wajawazito, nani ametishwa na mama mkwe. Hakuna semina ingempa mkunga habari hizo. Baada ya hapo jina lake likaingia kwenye daftari la michango, akadaiwa kama wengine, na alipochelewa kulipa akasemwa. Aliponijia analalamika kwamba amesemwa, nilifurahi kupita kiasi. Mgeni hasemwi.

Kwa hiyo wanaodhani mmisionari ndiye anayekuja kutusaidia wameona upande mmoja. Huyu anaishi kwa hisani ya kina mama ambao hawamo katika ripoti yake yoyote. Na ripoti anaandika, maana wafadhili wanazitaka: barua ya kila baada ya miezi michache, yenye picha. Hapo ndipo ninapogombana na baadhi yao. Picha ya mtoto mgonjwa au mama aliye kitandani haitoki hospitalini mwetu, hata kama mfadhili analia. Mmoja alinijibu kwamba bila picha hawatoi. Nikamwambia apige picha ya lile beseni la vitunguu.

Wakati mgumu kwao, wote wananiambia hivyo, si usiku wala umeme unapokatika. Ni Jumapili mchana. Ibada imekwisha, watu wamesalimiana uwanjani, mnada wa mavuno umeisha, kila familia imepanda gari au daladala kwenda kula kwa ndugu. Yeye anabaki na funguo zake. Sharika nyingine zimeanza kumpangia: Jumapili hii anakula kwa mzee fulani, ijayo kwa mama mwingine, na si lazima kuchinja kuku. Maharage yanatosha.

Wapo waliokwenda mbali kuliko mipango yetu yote. Barbro Johansson, Msweden aliyezaliwa mwaka 1912, alikuja Bukoba mwaka 1946 kama mmisionari na mwalimu, akawa nguzo ya shule ya wasichana ya Kashasha. Akajiunga na harakati za TANU, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959, akachukua uraia, baadaye akaongoza shule ya wasichana Tabora. Alifariki mwaka 1999. Anayepita Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha anaweza kuiona shule ya wasichana yenye jina lake pale Luguruni. Leo mikataba mingi ya wamisionari ninayoisoma inawakataza siasa waziwazi, na naelewa sababu. Lakini nikipita Luguruni huwa nawaza mkataba wa namna hiyo ungemfanya nini Mama Barbro.

Na sasa safari zinaanzia huku pia. Masista wa Kitanzania wanahudumu Ulaya na Marekani, wengine wakitunza wazee katika nyumba za watawa, maana vijana wa huko hawataki kuingia utawani. Makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani yanapokea wachungaji na watumishi kutoka kwetu. Hivi ninavyoandika tunamwandaa muuguzi wetu, dada wa Kinondoni, kwenda Ujerumani. Jioni anasoma Kijerumani, mchana yuko wodini, na mama yake ameshaanza kuuliza nani atamwozesha akirudi amezeeka.

Katika kamati maswali yaligeuka ghafla. Nani atamlipa? Akiugua je? Akifiwa? Mzee mmoja wa kanisa alisema huyu ni mtumishi na Mungu atatoa. Nilimuuliza kama Mungu aliwapa wale wamisionari wanaokuja kwetu bila daftari. Nimeweka kwenye bajeti michango yake ya hiari ya NSSF kwa miaka yote atakayokuwa huko, nauli ya kurudi akifiwa na mzazi, na koti la baridi. Koti limepita bila mjadala. Hayo mengine mawili yameahirishwa hadi kikao cha Alhamisi, na nitakwenda na mahesabu.