Kwenye mashine ya kukereza, ogopa gogo kabla ya patasi

Anayesogelea mashine ya kukereza mbao kwa mara ya kwanza huikodolea macho patasi, kwa kuwa ndiyo yenye makali. Mimi humwambia atazame gogo. Patasi unaishika wewe; gogo linazunguka lenyewe, lina uzito, na likichomoka haliombi njia.

Kosa kubwa katika mashine nyingi za kukereza zinazoundwa kwa kuchomelea vyuma huku kwetu ni mwendo. Mota inayofungwa mara nyingi huzunguka kama mara 1,440 kwa dakika. Fundi akiweka puli mbili zinazolingana, gogo nalo linakwenda 1,440. Kwa mguu wa meza wa inchi 3, hakuna neno. Funga hapo kipande cha bakuli cha inchi 12 na ukingo wake utakimbia karibu kilomita 83 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayolivuta gogo litoke inakua mara nne.

Hesabu ninayoifuata ni hii: kipenyo kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu lisipite 9,000. Bakuli la inchi 12 basi mwisho wake ni 750. Puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 8 kwenye shafti zitakupa 540, na hapo unafanya kazi kwa raha. Gogo ambalo bado lina pembe au limeegemea uzito upande mmoja lianze chini zaidi. Mashine ikitikisika, zima. Kuikandamiza kwa mkono au kuiwekea mfuko wa mchanga miguuni ilhali gogo halijakaa sawa ni kujidanganya.

Kabla ya kulifunga, ligonge gogo kwa nyundo ndogo. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio wa debe lililopasuka una maana kuna ufa ndani. Mpingo hasa una tabia ya kuoza au kupasuka moyoni huku nje ukionekana mzima. Mvule nao unaweza kuficha jiwe ndani ya mbao, jiwe kabisa la chokaa, likang'oa makali ya patasi. Mbao za kubomolewa zitafute misumari.

Sahani ya chuma inayoshika bakuli haifungwi kwa skrubu nyeusi za jipsamu. Ni ngumu lakini hazipindi, hukatika ghafla kichwani. Tumia skrubu nene za mbao, nne au zaidi, ziingie angalau milimita 25 kwenye mbao nzima, si pembezoni wala sambamba na nyuzi kama unaweza kuepuka. Mkia wa mashine, ile sehemu inayolisukuma gogo kutoka upande wa pili, uache umekandamiza gogo kwa muda wote unaowezekana, hata kama sahani inaonekana inatosha.

Egemeo la patasi likae milimita 3 kutoka kwenye mbao. Zungusha gogo kwa mkono mzunguko mzima, ndipo uwashe, nawe usimame kando ya mstari wa gogo, si mbele yake. Kadiri mbao inavyopungua, ile nafasi inapanuka. Zima, kisha sogeza egemeo. Ukiacha sentimita mbili, ncha ya patasi inaning'inia hewani, mbao inaivuta chini, na mpini unarukia kidevuni. Huko ndiko kunaswa. Kinga yake nyingine ni kuanza na mgongo wa makali, yaani mteremko ulionolewa nyuma ya ncha: patasi iguse egemeo kwanza, kisha mgongo uguse mbao, ndipo uinue mpini polepole mpaka makali yaanze kula. Bobari (patasi yenye makali ya mviringo) kubwa ya kuondolea pembe kwenye miguu ya meza usiipeleke kwenye bakuli. Shina lake jembamba ndani ya mpini linavunjika.

Glavu hapana. Shanga, kanga inayoning'inia, mikono mirefu ya shati, hapana. Miwani peke yake haitoshi, vaa ngao ya plastiki inayofunika uso mzima.

Na umeme wetu? Swichi ya kawaida ya ukutani ni mtego. Umeme ukikatika, wewe unaacha patasi, unagusa gogo, unapima. Umeme ukirudi, mashine inaanza yenyewe. Weka stata yenye kontakta (swichi ya sumaku), ambayo umeme ukikatika inajizima na haiwaki tena mpaka ubonyeze. Kitufe cha kuzimia kiwe mahali unapofika bila kupitisha mkono mbele ya gogo.

Kupiga msasa kuna mambo yake. Ondoa egemeo kabisa, maana vidole hubanwa kati yake na mbao. Shika msasa upande wa chini, ambako mbao inakimbia kutoka kwako, na usiuzungushe kwenye mbao wala kidoleni. Nta paka kwa karatasi ya chooni, si kwa tambaa: karatasi ikinaswa inachanika, tambaa linaondoka na kidole. Vumbi la mbao limeorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani, na la mvule na mpingo huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la msasa. Tafuta ya N95, na feni ielekezwe ipulize vumbi nje ya mlango, si usoni pa jirani.