Nesi wa kusafiri: wakala si dalali wako, ni mwajiri wako

Kwetu wakala ni mtu wa kibanda. Unamkuta ameketi na simu mbili na daftari, anakuwekea pesa, anakata chake, mnaachana. Au ni yule anayekutafutia chumba cha kupanga kisha anadai pango la mwezi mmoja. Ndiyo maana nesi aliyeko Dallas au Lowell akipiga simu nyumbani kusema amepata kazi kupitia wakala, mama yake huuliza jambo moja tu: "Amekula ngapi?"

Kwa kazi ya unesi wa kusafiri kule Marekani, jibu ni kwamba wakala hakukutafutia mwajiri. Yeye ndiye mwajiri. Hospitali ni mteja wake, nawe unaazimwa. Mshahara unatoka kwa wakala, kodi anakata yeye, bima ya afya ni yake, na hospitali ikikuchoka haikufukuzi kazi, inamrudishia wakala mtu wake.

Nesi wa kusafiri, basi, ni muuguzi mwenye leseni kamili anayefanya kazi hospitalini kwa kipindi kifupi, aghalabu wiki 13, zamu tatu za saa 12 kila wiki. Wiki 13 ni robo ya mwaka, zinatosha kuziba pengo la mtu aliyeenda kujifungua, au msimu wa baridi ambapo wazee wa kaskazini huhamia Florida na Arizona na wodi za huko zikafurika. Wiki zikiisha unaongezewa muda au unahamia kwingine.

Pesa inakwenda hivi. Hospitali inamlipa wakala kiasi fulani kwa kila saa unayofanya. Wakala anatoa humo kodi za mwajiri, bima, gharama za ofisi na faida yake, kinachobaki ndicho chako. Chake ameshakichukua kabla hujaona kitu. Kwa hiyo ukikutana na anayekutaka ulipe ada ya kusajiliwa, au "ya kuharakisha faili", huyo si wa biashara hii. Tumezoea mawakala wa kupeleka watu Ghuba wanaodai pesa mkononi, na mazoea hayo ndiyo yanayotuponza.

Kuna mchanganyiko mwingine ambao huwasumbua sana walioko Nairobi na Dar es Salaam. Kampuni inayomtoa nesi Afrika Mashariki, ikamshughulikia viza ya ukaazi na kumfunga kwa miaka miwili au mitatu, inaitwa wakala pia, na wakati mwingine ni kampuni ileile yenye milango miwili. Lakini huo si unesi wa kusafiri. Ukivunja mkataba ule unaweza kudaiwa maelfu ya dola. Wa kusafiri ni wa mtu ambaye tayari anaishi na kufanya kazi Marekani kihalali, amefaulu NCLEX, yaani mtihani wa leseni ya unesi, na ana uzoefu wa mwaka mmoja au miwili katika wodi ya aina moja.

Uzoefu huo si urasimu. Usiku wangu wa kwanza kama nesi wa kusafiri nilifika saa moja kasoro ya jioni. Nesi kiongozi wa zamu alinipa karatasi yenye majina ya wagonjwa watano, akanionyesha choo, akaondoka. Saa mbili na nusu mgonjwa wa kitanda cha dirishani anaomba dawa ya maumivu, na kabati la dawa halitambui kidole changu kwa sababu hakuna aliyenisajili kwenye mtambo. Mwenyeji angejua amwite nani. Mimi nilimpigia mfamasia, nikamwomba nesi wa jirani anifungulie na kushuhudia, nikaandika kila kitu. Mafunzo ya kuingia kazini kwa nesi wa kusafiri huwa zamu moja au mbili, basi. Hospitali inanunua mtu aliyeiva.

Leseni nayo inategemea unakoishi. Marekani kila jimbo lina bodi yake ya wauguzi, lakini tangu mwaka 2000, Texas, Maryland, Utah na Wisconsin zilipoanza, yapo maafikiano ya kutambua leseni moja. Sasa majimbo na maeneo yaliyojiunga yamezidi 40. Ukiwa mkaazi wa jimbo lililomo unaweza kupata leseni inayokubalika katika yote. Ukiishi Minnesota, ambako ndugu zetu wengi wapo, hali ni tofauti: hadi 2025 jimbo hilo lilikuwa nje, sawa na California na New York. Huko unaomba leseni jimbo kwa jimbo, na nyingine huchukua miezi. Kwa hiyo leseni kwanza, ndoto ya San Diego baadaye.

Sasa tuje kwenye simu ya rekruta, yule mtu wa wakala anayetafuta wauguzi, maana hapo ndipo watu huumia. Anakupigia ukiwa unapika, sauti tamu, anakuita kwa jina la kwanza: "Nina kitu kizuri, dola 2,052 kwa wiki." Usishangilie. Mwombe akutumie mchanganuo kwa maandishi. Tuseme mchanganuo unarudi hivi: dola 22 kwa saa, mara saa 36, ni 792, nayo inakatwa kodi. Halafu posho ya malazi na chakula, 1,260, haikatwi kodi. Jumla 2,052, sawa na dola 57 kwa saa ukigawanya. Inapendeza.

Sasa jiulize: ukifanya zamu ya ziada, nyongeza yako inahesabiwa juu ya nini? Juu ya 22. Mara moja na nusu, unapata 33. Yaani saa ya ziada, ile ya uchovu, inalipwa pungufu ya saa ya kawaida. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosimamia majimbo ya magharibi iliamua kwamba posho inayopanda na kushuka kulingana na saa za kazi ni sehemu ya mshahara, na lazima iingie kwenye hesabu ya saa za ziada. Hata hivyo usingoje mahakama. Uliza kiwango cha saa za ziada kabla ya kukubali, na kiandikwe kwenye mkataba. Wakala anayejua kazi yake hatakasirika, atakwambia, "Ngoja nipange upya," na mara nyingi anapanga kweli.

Posho yenyewe haitozwi kodi kwa sababu moja: sheria inachukulia kwamba unaendesha nyumba mbili, moja unakoishi na nyingine unakofanyia kazi kwa muda. Lazima basi ile ya kwanza iwepo kweli, unalipa pango au mkopo kwa bei inayoeleweka, unarudi. Kama vitu vyako viko kwenye stoo ya binamu na unalala kochini kwake bure ukipita, huna makazi ya kikodi, na posho yote ni mshahara wa kutozwa. Nyumba unayojenga Kitengela nayo ni vigumu ikuokoe hapo. Utasikia pia wenzako wakisema ilimradi uko maili 50 kutoka nyumbani, mambo sawa. Hakuna sheria ya kodi inayosema hivyo; ni masharti ya hospitali na mawakala yaliyogeuzwa kuwa sheria kwenye vyumba vya chai. Ya kweli ni hii: kazi mahali pamoja ikitarajiwa kuzidi mwaka si ya muda tena. Kamlipe mhasibu anayewajua wauguzi, hata mara moja. Na ujue kwamba mshahara mdogo wa kutozwa kodi unapunguza pensheni yako ya uzeeni, na ukienda benki kuomba mkopo wa nyumba baadhi ya maafisa hutazama 22, si 57.

Basi unamchaguaje wakala? Mimi simtazami mwenye tangazo kubwa. Kampuni kubwa zina hospitali nyingi, na baadhi zimepewa kusimamia nafasi zote za hospitali fulani, hivyo ndogo hupitia kwao na kukatwa asilimia. Lakini ndogo nyingine hukubali kubana faida yake, ikakulipa zaidi kwa kitanda kilekile. Ongea na mbili tatu kwa wakati mmoja, hakuna usaliti hapo. Kosa ni kuruhusu wawili wapeleke jina lako hospitali moja. Wakigongana, hospitali hukutupa nje. Sema wazi: usipeleke faili langu popote bila idhini yangu ya maandishi. Cheti cha Joint Commission, shirika linalokagua ubora wa huduma za afya Marekani, kwa mawakala wa watumishi wa afya ni dalili nzuri, si dhamana.

Zaidi ya pesa, kuna saa za uhakika. Hospitali ikiwa na wagonjwa wachache itakupigia alasiri kukwambia usije leo. Je, unalipwa? Mara ngapi inaruhusiwa kufanya hivyo? Na ukiumwa siku moja, wakala atakukata posho ya malazi kiasi gani? Wapo wanaokata kwa kila saa uliyokosa. Uliza pia bima inaanza siku ya kwanza au baada ya mwezi, na katikati ya mikataba miwili inakatika au la. Mwenye watoto asicheze na hilo. Uliza kama utahamishwa wodi, na wodi zipi. Nesi wa upasuaji akipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa sababu mkataba ulisema tu "popote anapohitajika", leseni iliyo hatarini ni yake.

Na ukivunja mkataba? Hapa mizani haiko sawa. Hospitali nyingi zinaweza kuukata kwa notisi fupi, nawe umeshalipa nyumba ya miezi mitatu. Wakati wa korona malipo yalipanda hadi maelfu kadhaa ya dola kwa wiki, kisha hali ilipotulia baadhi ya hospitali zikapunguza bei mkataba ukiwa katikati. Tangu hapo sikodi nyumba ya zaidi ya mwezi mmoja mmoja, hata nikipewa punguzo.

Jambo la mwisho ni letu sisi. Siku za mapumziko haziombwi ukishafika, zinaandikwa kabla ya kusaini. Harusi ya Desemba, ruracio (sherehe ya mahari), safari ya nyumbani, tarehe zote ziingie kwenye karatasi ya mkataba, kwa maana "nitaongea na meneja" ya rekruta haipo kwenye ratiba ya wodi. Msiba haupangwi, bila shaka. Rekruta wangu wa sasa nilimpima kwa hilo. Niliongea na wawili, na katika simu ya kwanza nilimuuliza kila mmoja: "Nikipigiwa simu saa tisa usiku kwamba baba amefariki, nampigia nani kwenu?" Wa kwanza alisema nitume barua pepe. Wa pili alinipa namba ya zamu ya usiku, nikaipiga usiku uleule. Iliita mara mbili, akapokea mtu.