Kitanda ni bure, anayelipa ni nani?

Kila ifikapo Mei, bajeti inapoanza kujadiliwa Baraza la Wawakilishi, simu yangu haipumziki. Swali ni lilelile: safari hii afya imetengewa ngapi? Najibu, kisha nauliza langu: katika hizo, ngapi ni za mishahara ya waajiriwa wapya?

Kwa taaluma mimi ni muuguzi. Siku hizi natengeneza ikama za hospitali, yaani hesabu ya wafanyakazi wanaotakiwa, na kuzipigania huko zinakopitishwa fedha. Ninalolitetea ni hili: hapa Zanzibar upungufu wa wafanyakazi ni gharama ya matibabu, na anayeibeba ni mgonjwa na watu wake, hata kama dirishani hakutozwa kitu.

Chukua ratiba ya zamu, ile karatasi inayobandikwa ukutani kwa msimamizi wa wodi. Wiki ina saa 168. Ikiwa kila muuguzi anafanya kazi saa 40 kwa wiki, kuwa na mmoja muda wote, asubuhi, jioni na usiku, kunataka watu wanne na ushei. Ingiza likizo ya mwaka, ya uzazi, maradhi na masomo, wanakuwa watano. Kwa hiyo wodi ya wazazi inayohitaji wakunga wawili kila saa inataka majina kumi. Nimeshika ratiba ya wodi ya namna hiyo, Pemba, yenye majina sita. Jina moja lilikuwa zamu ya jioni, na kalamu nyekundu ikaliongeza tena usiku wa siku hiyohiyo.

Mkunga akiwa peke yake usiku hawezi kuwa na anayejifungua na hapohapo akampima presha aliyepasuliwa mchana. Jamaa wanaambiwa abaki mtu. Anayebaki ni wifi au mama mkwe, kaacha watoto kwa jirani, kaacha na mwani wake pwani. Bi mmoja aliyekuwa akimuuguza mkwewe aliniambia, "Mwanangu, dawa nimepewa, sina la kulalamika. Lakini bamvua hili lote limenipita." Wanaolima mwani wanajua maana yake: maji makubwa yakishapita, kazi ya shambani inangoja bamvua jingine, na mapato nayo yanangoja.

Kisha kuna rufaa. Mtaalamu wa dawa za usingizi akiumwa na hakuna wa kumshikia nafasi, chumba cha upasuaji kinafungwa ilhali vifaa vyote vimo. Mgonjwa anaandikiwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja mjini. Kutoka Mkoani, kusini mwa Pemba, hiyo ni boti mpaka bandari ya Malindi, nauli ya watu wawili, pa kulala kwa anayemuuguza, na chakula cha kununua mjini. Hakuna hata kimoja kinachoingia katika hesabu za hospitali aliyotoka. Vitabuni hospitali hiyo inaonekana imebana matumizi.

Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani bima ya afya iliyoundwa kwa sheria ya 2023, nauunga mkono kwa dhati. Visiwa hivi vilitangaza matibabu bure baada ya Mapinduzi, na sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773; kuiachia Hazina mzigo wote hakuwezekani tena. Lakini mfuko unalipia huduma iliyopo. Kadi haimleti mtaalamu wa usingizi saa nane za usiku.

Majengo tumepata, na nayafurahia. Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, na baada ya UVIKO-19 zikaja hospitali za wilaya. Madaktari wa jimbo la Jiangsu, China, wanakuja tangu 1964 na wametufundisha mengi, ila kila kundi lina tarehe yake ya kurudi kwao. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Pemba ina watu 543,441. Piga hesabu: ni karibu 2,400 kwa kisiwa hicho peke yake.

Ahadi ya Abuja ya 2001, asilimia 15 ya bajeti kwenda afya, huitajwa katika kila mkutano. Naitaja na mimi, ila asilimia hizo zikimalizikia kwenye saruji, ile ratiba ukutani haibadiliki.

Hofu ya wahasibu naielewa: jengo hulipwa likaisha, mshahara ni wa kila mwezi mpaka kiinua mgongo. Hoja hiyo ni ya haki. Jibu langu ni kwamba fedha hizo zinalipwa hata sasa, kwa bamvua zinazopotea na nauli za boti, na zinalipwa na wasionazo. Tena si kuajiri tu. Muuguzi anayepangiwa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, akakosa nyumba karibu na hospitali, haupiti muda ataomba uhamisho, na nani atamlaumu? Nyumba ya wafanyakazi ningeiweka kwenye bajeti kabla ya geti jipya na uzio.

Tunakusanya sasa ratiba za zamu za wodi, majina yakiwa yamefutwa, tuwafikishie wawakilishi kabla bajeti ijayo haijasomwa. Kama wewe ni msimamizi wa wodi, Unguja au Pemba, weka nakala ya kila mwezi. Usituandikie upya iliyo safi. Tunataka ileile iliyokatwakatwa na kurekebishwa kwa mkono.