Nia Njema Kati ya Msemaji na Hadhira

Hoja yenye mashiko inaweza kukataliwa na watu wenye akili timamu, kwa sababu tu hawaamini kwamba anayeitoa anawatakia mema. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alieleza katika kitabu chake cha balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, kuwa msemaji huaminiwa kwa mambo matatu: busara, uadilifu na nia njema. Hilo la tatu hupuuzwa mno, ingawa sababu aliyoitoa ni nzito: mtu anaweza kulijua lililo bora, wala asiwe mwongo, na bado asiwashauri wasikilizaji wake walifuate.

Karne tatu hivi baadaye, Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, alilitazama jambo hilo kutoka upande wa pili, ule wa hadhira, akifundisha kwamba utangulizi wa hotuba uwafanye wasikilizaji wampendelee msemaji, wawe makini na wawe tayari kufundishika. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini wengi wameyachukua nusunusu: huimwagia hadhira sifa mwanzoni, kisha hawaijali tena.

Tumchukue mtaalamu wa afya anayezungumza na wazazi kuhusu chanjo. Akisema tu kwamba chanjo ni salama, amesema kweli. Lakini mama aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa baada ya sindano atajiuliza kama mtaalamu huyo anayajua yanayomkuta. Akieleza mapema kwamba homa ndogo na maumivu palipochomwa sindano ni mambo ya kawaida, ambayo aghalabu huisha baada ya siku chache, na akataja dalili zinazohitaji mtoto arudishwe kituoni, mama huyo ataona kwamba hofu yake imefikiriwa kabla hajaitamka. Kumficha mambo hayo ili asitishike kungekuwa kumlinda msemaji, si mzazi.

Mwaka 1999 watafiti wa mawasiliano wa Marekani, McCroskey na Teven, waliirejesha nia njema katika vipimo vya kuaminika kwa msemaji, wakiihusisha na kuelewa mawazo ya mwingine, kuhisi anavyohisi na kumwitikia. Kuitikia huonekana zaidi wakati wa maswali, pale msemaji anapojibu lililoulizwa badala ya lile alilojiandaa nalo. Kwa hiyo tunawashauri wanaozungumza na umma waruhusu maswali katikati ya mada, kabla watu hawajaanza kusimama kuondoka.