Mtoto Mwenye Ualbino Akibabuka na Jua: Anza na Maji, Mafuta Yasubiri

Mtoto amerudi kutoka shule mchana akiwa mzima, amekula, amecheza. Saa mbili usiku anapiga kelele ukimvua shati. Jua haliunguzi kama uji wa moto, ambao alama yake unaiona papo hapo. Wekundu hujitokeza saa chache baadaye, na maumivu huzidi kati ya saa 12 na 24 tangu aungue. Mtoto mwenye ualbino ana melanini (rangi ya asili inayokinga ngozi dhidi ya jua) kidogo sana au hana kabisa, kwa hiyo dakika chache za jua la adhuhuri zinamtosha kubabuka. Wenye ngozi nyeusi nao huungua, ila wekundu hauonekani upesi. Mguse kwa mgongo wa kiganja, usikie kama ngozi ina joto na mtoto anaukwepa mkono.

Wazazi wengi hukimbilia kupaka kitu: samli, mafuta ya kula, mafuta ya mgando, dawa ya meno. Acha kwanza. Ngozi iliyoungua bado inatoa joto, na mafuta mazito yanalizuia lisitoke. Dawa ya meno inawasha na kukausha. Ndimu na limau ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, yenyewe huleta malengelenge.

Kinachotakiwa ni maji. Yawe ya baridi ya kawaida, kama ya mtungini, yasiwe ya friji wala yenye barafu, kwani barafu hubana mishipa ya damu na kuijeruhi ngozi ambayo tayari imeumia. Chukua kipande cha khanga kuukuu, laini na safi. Kichovye, kikamue kiasi cha kutodondosha, kitandaze palipoungua bila kusugua. Baada ya dakika mbili au tatu kitakuwa kimepata joto, kichovye tena. Endelea hivyo kwa dakika 10 hadi 15, umpumzishe, urudie mara kadhaa kwa siku. Akianza kutetemeka, acha na umfunike. Kumwogesha kunafaa pia, ila bila dodoki na bila sabuni yenye manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo.

Joto likishapungua ndipo mshubiri, ambao wengi wanauita alovera, una kazi. Hapa watu hukosea: jani likikatwa hutoa utomvu wa njano wenye kuwasha, nao ndio unaopakwa pamoja na ute. Simamisha jani kwenye kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15. Lioshe, menya ganda, kisha chukua ute mweupe tu. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi nzima na usubiri uone kama itawasha. Usiupake kwenye kidonda wala lengelenge lililopasuka. Kama huna mshubiri, losheni nyepesi isiyo na manukato inatosha. Krimu za steroidi zinazouzwa kiholela usiziguse.

Mpe maji ya kunywa mara kwa mara, au ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), pakiti ikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kwa maumivu, parasetamo ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 16 anahitaji miligramu 240. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 10. Soma chupa yako, maana nguvu zake hutofautiana. Aspirini asipewe kabisa.

Malengelenge usiyatoboe. Ngozi ile ya juu ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni laini, funika kwa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) isiyonata.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja kama hajafikisha mwaka mmoja, kama malengelenge yameenea au yako usoni, kama ana homa, anatapika, amelegea, macho yanamuuma, au hajakojoa kwa saa 6 hadi 8. Usaha na wekundu unaosambaa siku za baadaye ni dalili za maambukizi.

Ngozi itaanza kubanduka baada ya siku tatu hadi saba. Usiivute. Wakati huo mafuta ya mgando yanaruhusiwa. Hadi ipone abaki kivulini, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Fulana nyeupe iliyolowa hupitisha jua kirahisi. Mvalishe nguo kavu, yenye mikono mirefu na iliyofumwa kwa kubana. Kepi inaacha masikio na shingo wazi, kwa hiyo tafuta kofia yenye ukingo mpana pande zote, na umwombe mwalimu asimvue mstarini. Losheni ya kukinga jua, kama Kilisun iliyoanza kutengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili, kwenye ngozi iliyopona tu.

Kila wiki, wakati wa kumwogesha, angalia ncha za masikio, midomo, pua na nyuma ya shingo. Kidonda au gamba lisilopona kwa wiki nne lionwe na mtaalamu wa ngozi, hata kama halimuumi.